Mkono uko wapi tongi inapozunguka?

Mtu wa nje akiulizwa ni nini kinachoumiza watu kwenye visima vya mafuta na gesi, atataja moto na mlipuko. Hayo yapo, na yakitokea huua wengi kwa pigo moja. Lakini kwa timu za kuhudumia visima, wale wanaofika na rigi iliyopanda juu ya lori kuchomoa mabomba, kubadili pampu na kurudisha kila kitu ndani, majeraha mengi hutoka kwenye kazi ileile wanayoirudia kutwa nzima. Vidole hubanwa, viganja hupondwa, bomba humpiga mtu kifuani, mguu hunaswa chini ya mzigo.

Piga hesabu ya kisima cha mita 3,000. Bomba la uzalishaji la inchi 2⅞ huja kwa vipande vya mita 9.5 hivi, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban kilo 90. Hapo kuna vipande 315. Kuvitoa vyote na kuvirudisha ni kufungua na kukaza viungo zaidi ya mara 600. Katika kila kiungo mkono hukaribia chuma kinachotembea angalau mara 4: kwenye slipsi (kabari zinazoshika bomba), kwenye eleveta (kishikio cha kuinulia bomba), kwenye tongi (koleo la mashine linalokaza na kufungua viungo), na pale bomba linapoelekezwa likae mahali pake. Ni zaidi ya mara 2,400 kwa kisima kimoja. Mtu aliyefanya jambo sawasawa mara 2,000 haliwazi tena, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote pale juu ya sakafu ya rigi. Kumwambia mtu "uwe makini" hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuamua kabla ya kazi mkono utakaa wapi, kisha kuupa kishikio cha kukaa hapo.

Tuanze na tongi ya haidroliki, kwa sababu ndiyo inayokata vidole. Kukaza bomba la inchi 2⅞ la chuma cha daraja J55 kunahitaji msokoto wa takriban nyutoni-mita 2,200. Msokoto huo haupotei. Tongi inapolizungusha bomba, bomba nalo linataka kuizungusha tongi, na kinachoizuia ni kamba ya chuma iliyofungwa mkiani mwake na kushikizwa kwenye nguzo. Ikiwa mkono wa tongi una urefu wa sentimita 90, kamba hiyo inabeba mvuto wa karibu kilo 250 wakati wa kukaza tu. Kufungua kiungo kilicholiwa na kutu huhitaji zaidi, mara nyingine maradufu. Kamba ikiwa imelegea, tongi hukimbia kwanza ndipo ivutwe kwa kishindo. Ikikatika, tongi yenye uzito wa mamia ya kilo inageuka kama mlango uliosukumwa na upepo, na aliyesimama ndani ya mzunguko wake anavunjika nyonga au mbavu.

Kwa hiyo kamba iwe sambamba na sakafu na ikae pembe mraba na mkono wa tongi. Ikiwa pembe ni nyuzi 45, mvuto wake unapanda mara 1.4 kwa msokoto uleule. Ifungwe kwa shakeli yenye pini ya usalama na iangaliwe kila shifti: uzi uliokatika, mahali palipobonyea, kibanio kilicholegea. Hata tongi yenye kishikio chake cha chini cha kupinga msokoto, ifungie kamba, kwa sababu meno ya kishikio hicho huteleza yakishalika au yakijaa nta ya mafuta.

Kisha kuna mlango wa tongi. Tongi nyingi zina kifaa kinachokata mafuta ya haidroliki mlango ukiwa wazi, ili isizunguke. Kifaa hicho huchelewesha kazi kwa sekunde chache, na mara kwa mara utakikuta kimefungwa kwa waya au bomba lake dogo limeunganishwa kando ili kukiruka. Ukiliona hilo, kazi isimame. Jaribio ni jepesi: kabla ya bomba la kwanza la siku, fungua mlango, kila mtu akae mbali, bonyeza mpini. Ikizunguka, haifai kutumika. Na meno yanapobadilishwa, kuweka mpini katikati hakutoshi; zima pampu ya haidroliki, achia shinikizo, chomoa mipira inayopitisha mafuta. Watu wamepoteza vidole ndani ya tongi iliyokuwa "imezimwa" kwa sababu mwenzao aliegemea mpini.

Slipsi, zile kabari za chuma zenye meno zinazoshika bomba lisitumbukie kisimani, zina tabia yake. Za kunyanyua kwa mkono hushikwa kwa vishikio vyake, viganja vikitazama juu, na hazisukumwi kwa mguu hata siku moja. Za upepo huendeshwa kwa pedeli, na pedeli isiyo na kifuniko inaweza kukanyagwa na mtu anayerudi nyuma bila kutazama. Slipsi zinafunguka, mabomba yote yaliyoungana chini yake yanaachiliwa. Eleveta nayo hufungwa kwa kushika vishikio vya nyuma, vidole vikiwa mbali na bawaba, na kabla ya opereta kuinua, mtu mmoja aivute kuhakikisha komeo limekaa. Mahali pabaya zaidi ni kwenye mdomo wa bomba lililosimama juu ya slipsi. Eleveta inashuka, bomba limesimama, na kuna kiganja kimepumzika juu yake. Hakuna glavu inayosaidia hapo. Glavu zenye mgongo wa mpira mgumu huokoa dhidi ya kugongwa na mikato, na zivaliwe, lakini haziwezi kusimamisha bloku ya tani kadhaa, ile puli kubwa inayobeba eleveta. Pete ziachwe nyumbani: pete ikinaswa huondoka na ngozi yote ya kidole.

Mitambo ya juu ya ardhi inahitaji maneno mengi zaidi kuliko inavyopewa. Ule mtambo wa kusukuma unaoinama na kuinuka una vizani vya chuma vya tani kadhaa kwenye mkono unaozunguka. Katika muundo wa kawaida, kichwa kikiwa chini upande wa kisima, vizani viko juu. Na timu mara nyingi hutaka kichwa kiwe chini ili ifungue kamba zinazoshika fimbo za kuendeshea pampu iliyo kisimani. Mara fimbo zinapobanwa na kuachanishwa na mtambo, upande wa kisima hauna tena uzito wa kupingana na vizani, na vinatafuta njia ya kushuka. Breki peke yake haiaminiki, kwani mkanda wake huwa na grisi au kebo yake imelegea. Utaratibu ni huu: zima mota, kata umeme kwenye swichi kuu, tia kufuli na kibandiko chenye jina lako, jaribu kuiwasha kuthibitisha kuwa haiwaki, vuta breki, weka komeo la chuma kwenye gurudumu la breki, kisha funga mikono inayozunguka kwa mnyororo kwenye fremu. Kazi ikiruhusu, simamisha vizani vikiwa chini kabisa, mahali ambapo havina pa kuangukia.

Pampu za skrubu, zile zinazozungushwa na fimbo kutoka juu, ni hatari kwa namna isiyoonekana. Fimbo ndefu inapozungusha pampu hujikunja kama kamba iliyosokotwa, na bomba juu ya pampu limejaa maji na mafuta. Mota ikizimwa, msokoto hujifungua na maji yanayorudi chini huigeuza pampu kinyume. Breki ya kichwa cha mtambo ikishindwa, puli inazunguka kinyume kwa kasi kubwa kuliko iliyokusudiwa, hadi inapasuka vipande vipande. Usisimame kwenye mstari wa puli hizo, usiondoe kifuniko chake, na usishike kitu mpaka msokoto umeachiwa taratibu kwa breki na fimbo imetulia kabisa.

Shinikizo lililofungiwa nalo linadanganya. Fikiria kizibo cha inchi 2 chenye psi 1,000 (pauni 1,000 kwa kila inchi mraba) nyuma yake. Eneo lake ni inchi mraba 3.14, kwa hiyo kinasukumwa kwa nguvu ya takriban tani 1.4. Mtu anakifungua akiwa amekiinamia kwa sababu geji inasoma sifuri, kumbe tundu la geji limezibwa na mchanga au nta, au kuna vali ya kuzuia kurudi iliyofungia shinikizo upande wa pili. Fungua vali ya kutolea kwanza, uone kitu kikitoka na kukoma, kisha simama kando ya mstari wa kizibo. Kwa yunioni za kugonga kwa nyundo, yaani viungo vya mabomba ya shinikizo, usigonge kamwe ikiwa kuna shinikizo ndani, hata kama inavuja kidogo tu. Na kagua namba ya aina ya yunioni: kipande cha inchi 2 cha 1502 na cha 602 vinaweza kushikana nyuzi na kuonekana vimekaza, lakini havishiki shinikizo na vitaachana ghafla. Soma namba iliyochongwa kwenye chuma, tumia geji ya kupimia nyuzi, na usiziweke aina hizo mbili kwenye sanduku moja.

Kuhusu kukwama kwa bomba, sina mengi. Chuma cha J55 cha inchi 2⅞ huanza kunyumbuka na kuharibika kwenye karibu tani 45, na kwa desturi hakivutwi zaidi ya asilimia 80 ya hapo, takriban 36, tena kama ni kipya. Bomba la zamani lililolika livutwe kwa nguvu ndogo kuliko hiyo. Opereta aijue namba hiyo kabla ya kuvuta, mzani uwe unafanya kazi, waya na nanga za kushikilia mnara ziwe zimekaguliwa, na watu wote washuke kutoka sakafuni. Yeye peke yake ndiye mwenye sababu ya kubaki.

Gesi ya haidrojeni salfaidi inastahili hofu. Ni nzito kidogo kuliko hewa, hukaa mashimoni na chini ya sakafu ya rigi. Kwa kiwango kidogo inanuka yai bovu, lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuisikia. Kiwango hichohicho cha 100 ndicho kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Harufu ikitoweka, usidhani gesi imekwisha. Kipimo kivaliwe kifuani, karibu na pua, si mfukoni, na kengele yake ya kwanza iwekwe kwenye 10 au chini. Mwenzako akianguka, kimbia kuelekea upepo unakotoka, vaa mtungi wa hewa, ndipo urudi. Anayekimbilia kumwinua bila mtungi hulala kando yake.

Mvuke wa mafuta wa kawaida huua pia, bila salfaidi yoyote. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2010 na 2014, vifo 9 vilihusishwa na kufungua kifuniko cha tangi kwa mkono ili kupima au kuchukua sampuli. Mvuke unaochomoka husukuma oksijeni kando na kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu asifungue tangi akiwa peke yake, na asimame upande ambao upepo unatoka.

Mambo mawili ya huduma ya kwanza husahaulika. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye gozi safi yenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja.

La pili ni sindano ya haidroliki. Mpira wenye tundu dogo hurusha mafuta kwa nguvu inayopenya glavu na ngozi, na jeraha linaonekana kama chomo la mwiba. Haliumi sana mwanzoni. Mtu anapangusa, anaendelea na kazi, na jioni mkono umevimba na kuwa mweusi kwa sababu mafuta yamesambaa ndani ya kiganja yakiua nyama. Usitafute tundu kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi au ubao. Likimpata mtu, hiyo ni dharura ya upasuaji siku hiyohiyo, na uwezekano wa kukatwa mkono hupanda saa 6 zikipita. Mwandikieni kwenye karatasi aina ya mafuta, shinikizo la mtambo na saa aliyochomwa, na mwenzake aende naye kumwambia daktari wazi kwamba hilo si chomo la kawaida, kwa sababu daktari asiyeelezwa ataosha kidonda, atakifunga bandeji na kumrudisha kambini.