Watoto wa nani?

Tangu Jumanne maneno haya hayajanitoka kichwani. Mkuu wetu kahamishiwa Kigamboni, mahari ya Da Mwaju yamepokelewa salama, mvua imebomoa choo cha nyumba ya nyuma, yote yamepita. Limebaki jibu la bibi anayeuza vitumbua karibu na bomba la maji, huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam.

"Bibi, ukiwaona watoto wanapigana pale bombani, utafanyaje?"

"Watoto wa nani?"

"Wowote tu, bibi."

"Hapana, mwanangu. Niambie kwanza, wa nani?"

Swali nililomuuliza bibi asili yake ni Chicago, Marekani. Mwaka 1995 mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake waliwahoji wakazi 8,782 katika maeneo 343 ya mji ule. Waliuliza: watoto wakitoroka shule na kukaa kijiweni, au wakipigana mbele ya nyumba, majirani wataingilia? Wakauliza pia kama majirani wanaaminiana. Matokeo yakatoka 1997: penye kuaminiana na utayari wa kuingilia, ukatili ulikuwa mdogo, hata baada ya kuzingatia umaskini wa mtaa. Kwa hiyo bibi aliponirudishia swali, nilisikia mlango umefungwa. Mtoto asiye wangu hanihusu. Jumanne usiku iliniuma sana, kwa sababu nazijua saa za watoto wa Mbagala.

Shule nyingi za msingi huku zinakwenda kwa zamu. Wa zamu ya mchana yuko mtaani asubuhi nzima. Wa asubuhi anarudi saa saba, na mama anatoka sokoni saa moja jioni. Hizo ni saa sita ambazo macho pekee juu ya mtoto ni ya aliyekaa barazani. Na wavulana wana jingine. Chumba ni futi kumi kwa kumi, pazia katikati, baba na mama huku, watoto kule. Mvulana akifika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, haifai tena alale na dada zake, basi anaambiwa akalale geto na kina kaka. Hakuna aliyemfukuza. Ni heshima ya nyumba ndiyo iliyomtoa. Lakini huko geto ndiko atakakoliona panga limelazwa chini ya godoro, na atakuwa peke yake siku hiyo. Anayechapwa sana nyumbani huwahi zaidi kuhamia huko. Kila Panya Road, yale magenge ya vijana wa mapanga, wanapotajwa, kama 2015 na tena 2022, watu huuliza wazazi wako wapi. Ningependa waulize pia vyumba ni vingapi.

Na nyumba zenyewe hazina dari. Kuta za vyumba zinaishia kwenye kenchi, juu ni bati tupu, kwa hiyo mwanamke akipigwa chumba cha pili, watoto wa vyumba vyote sita wamelala ndani ya kipigo hicho. Ukimuuliza mtoto wa pale "umewahi kufanyiwa ukatili?" atasema hapana, na hasemi uongo. Ukatili kwake ni neno la redioni, fimbo ni malezi. Muulize nani alimpiga mwezi huu, kwa kitu gani, alama iko wapi. Halafu tenganisha manne: alichokiona, alichokisikia ukutani, alichofanyiwa, alichomfanyia mwingine. Usiulize mama akiwa anachambua mchele hatua tatu pembeni. Mtoto atamtazama mama kwanza. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto uliuliza hivyo, kitendo kwa kitendo, ndipo karibu robo tatu ya vijana wakasema walipigwa kabla ya kufika miaka 18, na waliotajwa mno ni ndugu na walimu.

Basi Alhamisi, foleni ya maji. Wavulana wawili wanagombea zamu ya ndoo, mmoja kaokota kipande cha tofali. Bibi hakuinuka kwenye kigoda. Kijiti chake cha kugeuzia vitumbua kikabaki hewani.

"We mtoto wa Mama Zai! Nakuona!"

Tofali likaanguka. Mkono ulifunguka wenyewe, kana kwamba Mama Zai kaushika. Yule wa pili akaendelea kurusha ngumi. Bibi akaita, "We mwenye shati la bluu!" Hakugeuka. Akaita tena. Akatuuliza tuliokuwa karibu, "Huyu wa nani huyu?" Hakuna aliyejua. Aliachia pale mwenzake alipokimbia.

Nimelirudia jibu la Jumanne mara ngapi sijui, na sasa nalisikia vingine kabisa. Bibi alikuwa anaomba jina la mama. Bila jina hilo sauti yake haina pa kumshika mtoto. Nimeona aibu kwa hasira yangu.

Shati la bluu ni wa wapangaji wapya. Katika nyumba yao ya vyumba sita, wanne wameingia baada ya Ramadhani. Kodi hulipwa kwa miezi mitatu au sita, ikiisha watu wanabeba godoro. Chicago nako, mitaa ambayo watu walikaa muda mrefu ndiyo iliyokuwa na kuaminiana na kuingilia zaidi. Nimelitazama daftari la mjumbe: jina la mpangaji, kazi, alikotoka, halafu "watoto 3". Tatu tu, hawana majina. Nimemwomba aandike majina na umri, na mpangaji mpya apitishwe milango ya jirani na watoto wake jioni ya kwanza, nyumba kumi, nusu saa. Na mama mwenyewe atamke kwamba wakikosea wakemewe, kwa sababu mwaka jana bibi alikemea akaja kutukanwa hadi barazani. Kukemea kwa mdomo, siyo kuchapa. Panapotoka kisu, au mtoto anapoumizwa ndani, hapo ni dawati la jinsia na watoto polisi, au 116, simu ya bure. Sauti ya bibi haitoshi.

Mjumbe amekubali, ila daftari limejaa. Nitapeleka jipya kesho.