Tungamo likiongezeka mara mbili: tanki, nondo na nishati tuli

Dodoma hii ya ujenzi, karibu kila nyumba mpya inainuka na mnara wa tanki pembeni, basi tuanzie hapo. Tanki la lita 1,000 likijaa lina kilo 1,000 za maji. Kama katikati ya maji hayo ni mita 4 juu ya bomba, nishati tuli yake, yaani nishati yanayobeba kwa kuwa juu, ni tungamo (kilo zake) mara mvutano wa dunia mara kimo: 1,000 × 9.8 × 4, yaani jouli 39,200. Weka la lita 2,000 kwa kimo kilekile, unapata 78,400. Kilo mara mbili, jouli mara mbili. Hakuna kipeo wala kipeuo humo.

Ila presha haifuati kilo. Watu hununua tanki kubwa wakitegemea maji ya bafuni yatoke kwa kasi, kisha wanamlaumu fundi. Kila kilo bado ina jouli 39.2 zilezile; kilichoongezeka ni idadi ya kilo. Presha inategemea kimo cha uso wa maji: mita 4 zinatoa takriban paskali 39,000, hata juu kungekuwa na bwawa zima la Mtera. Ukitaka msukumo, pandisha mnara. Tanki kubwa linakuongezea muda wa kuoga, basi.

Kwa jaribio la darasani la hiyo kilo mara mbili, jouli mara mbili, tumia vipande vya nondo ya milimita 16. Nondo hiyo ina karibu kilo 1.58 kwa mita, kwa hiyo sentimita 32 ni kama nusu kilo na 64 ni kama kilo moja. Hakikisha kwa mizani. (Mawe ya mizani ya muuzaji usiyaazime. Yakimeguka, Wakala wa Vipimo hawatamwelewa.) Gongelea msumari wa inchi 4 kwenye mbao laini hadi usimame wenyewe, simamisha bomba la plastiki la inchi moja juu yake, tumbukiza nondo iliyofungwa kamba. Ikishagusa kichwa cha msumari, ivute sentimita 50, uiachie. Kipande kifupi kinaleta jouli 2.45, kirefu 4.9. Kila pigo, pima upya sentimita 50 kutoka kichwa cha msumari, maana msumari unashuka.

Usipime kina cha pigo moja. Msumari ukizama, mbao inaubana kwa urefu mkubwa zaidi, hivyo nishati mara mbili haizamishi mara mbili, na wanafunzi wanaanza kuishuku kanuni. Hesabu mapigo ya kuzamisha sentimita 2 zilezile. Kilo moja ikitumia 6, nusu kilo itatumia 12 au zaidi kidogo, kwa sababu sehemu ya kila pigo jepesi inapotea kwenye mdundo. Mbao ilale kwenye sakafu ngumu, la sivyo inarukaruka.

Kwenye hesabu, gramu zibadilishwe kuwa kilo kwanza. Ukipewa uzito wa nyutoni 50, 9.8 imeshaingia humo. Zidisha kimo tu. Na kimo ni cha wima. Kreti la zabibu la kilo 20 likipandishwa kwenye fuso kwa ubao wa mita 3, bodi ikiwa mita 1.2 kutoka chini, jibu ni jouli 235, si 588. Msuguano wa ubao utamdai mpakiaji zaidi ya hizo, lakini ziada hiyo inaishia kuwa joto, haimo kwenye kreti.