Hitilafu P2135 ya throto ya umeme, hatimaye nimeimaliza

Wakuu, wiki tatu gari yangu ikipita tu kwenye matuta taa ya injini inawaka, nakanyaga mafuta haipandi, inatambaa. Mashine ya kusoma hitilafu za gari inasoma P2135, yaani sensa mbili za throto (kile kilango cha kupitisha hewa kwenye injini) hazikubaliani. Nikasafisha throto, nikafunga nyingine ya mtumba, wapi.

Kabla hujanunua throto fanya hivi: swichi on bila kuwasha injini, weka mashine ionyeshe volti za sensa zote mbili, halafu tikisa waya wa soketi ya throto taratibu. Yangu volti ya moja ikadondoka mpaka sifuri! Nikazima swichi nikachomoa soketi, pini moja imelegea na ina kutu ya kijani. Nikaisafisha, nikaibana kidogo kwa sindano, nikafuta hitilafu. Mwezi sasa, matuta yaleyale, taa haijawaka.