Karatasi ya baba na nyumba ya Mkomani

Baba alipofariki, mdogo wetu wa kike alitoa karatasi kwenye sanduku lake: nyumba ya mtaa wa Mkomani apewe yeye. Mwandiko ni wa baba, na mashahidi ni wawili. Hatukushangaa. Ndiye aliyemuuguza miaka minne, na hapa Lamu kumwekea binti nyumba ya mawe ni ada tuliyoikuta. Nikadhani yamekwisha.

Sheikh mmoja wa mtaani aliisoma, akaniuliza, "Mwanangu, baba alimkabidhi nyumba akiwa hai?" Hakumkabidhi. Lau angemkabidhi ingekuwa hiba, zawadi ya aliye hai, na hapangekuwa na maneno. Lakini karatasi inayongoja kifo ni wasia. Asiyerithi anaweza kuusiwa hadi theluthi ya mali. Mrithi hausiwi hata chumba kimoja mpaka warithi wenzake waridhie, na waridhie baada ya mauti.

Nilichukua cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi, nikaenda kwa kadhi. Sheria ya urithi ya Kenya, tangu 1990, inaacha mali ya Muislamu igawanywe Kiislamu, na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinampa kadhi kesi hizo iwapo wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Tulikubali sote.

Kabla ya hapo nilikaa na mama peke yetu, nikamuuliza kama anamdai baba chochote. Akanyamaza kitambo. Nusu ya mahari yake haikulipwa tangu siku ya ndoa. "Nitamdai maiti, mwanangu?" Nikamwambia, mama, hili ni deni kama la dukani, latoka mbele ya wasia na mbele ya fungu la yeyote; ukisamehe, samehe ukijua ni haki yako. Alichukua, nami nafurahi mpaka leo. Wajane wangapi hawaulizwi!

Mafungu yalikuwa mepesi: mama thumni, yaani sehemu moja kwa nane, sisi mabinti watatu thumni moja moja, wavulana wawili thumni mbili mbili.

Mama, kaka, dada mwingine na mimi tuliridhia nyumba iwe ya mdogo wetu. Kitinda mimba, wa kiume, ana miaka 13. Mtoto haridhii, wala hakuna wa kumridhia, hata mama. Thumni zake mbili za nyumba zikabaki, nasi tukakwama mwezi mzima, kaka akitaka tupite tu kwa kuwa "ni wa nyumba moja." Nilikataa. Atakuwa mkubwa, atauliza.

Tukaleta mthamini. Dada anayepewa nyumba akatoa fungu lake la shamba la minazi, kaka akaongeza lake, hadi thamani ikalingana na zile thumni mbili. Kadhi akapima kwamba mtoto hapunjwi, ndipo akaandika.

Jumamosi ile mdogo wangu wa kiume alikwenda kuhesabu minazi yake. Alirudi jioni na jibu: 41, na mmoja umepigwa na radi.