Nilivyoisoma namba ya lejioni kwenye dinari iliyolika

Kila niliyemwambia kwamba nakusanya dinari za kijeshi, yaani sarafu za fedha za Kirumi, za jemadari Marcus Antonius alinipa ushauri uleule: usinunue sarafu iliyolika, subiri inayong'aa. Ushauri huo umenichosha. Dinari ninayoipenda kuliko zote nilizonazo imelika hadi merikebu iliyochorwa juu yake inaonekana kwa shida.

Antonius alizipiga chapa dinari hizi mwaka 32 na 31 KK kuwalipa askari wake kabla ya vita vya Actium, magharibi mwa Ugiriki, ambako yeye na Kleopatra walishindwa na hasimu wake Octavian. Upande mmoja kuna merikebu ya kivita yenye makasia. Wa pili kuna tai wa lejioni, kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, kati ya milingoti miwili ya alama za vikosi, na chini LEG pamoja na namba, kuanzia II hadi XXIII. Fedha yake ilikuwa na shaba nyingi kuliko kawaida, basi watu wakaficha dinari nzuri na kutumia hizi. Zikazunguka karne mbili na zaidi. Hapa Uingereza ninakoishi huchimbuliwa kwenye vyungu vya akiba, na Warumi waliivamia nchi hii mwaka 43 BK, miaka 70 na ushei baada ya Actium! Zitakosaje kulika?

Yangu niliipata mnadani kwa pauni mia hivi pamoja na ada, kwa kuwa muuzaji aliandika LEG V akaweka alama ya kuuliza. Ina chapa ndogo ya kugongwa pembeni. Hizo zisikutishe, wabadilisha fedha wa kale walikuwa wakikagua kama ndani ni fedha au shaba iliyofunikwa. Nilijaribu kwanza kuiwekea karatasi laini na kupitisha penseli juu yake. Akatokea tai tu. Mtu akaniambia niisugue kwa magadi. Usithubutu! Ule weusi uliokaa kandokando ya herufi ndio unaozifanya zisomeke.

Basi nikafunga mapazia, nikazima taa, nikalaza tochi ndogo mezani ili mwanga upite ukiparuza uso wa sarafu. Mwanga ulipotokea upande wa kichwa cha tai, V ilisimama wazi na kulia kwake patupu. Wengi huishia hapo. Lakini mstari wa wima hautoi kivuli mwanga unapokwenda sambamba nao. Lazima uupige ubavuni. Tochi sikuigusa, nikaizungusha sarafu polepole. Mwanga ulipoingia kutoka kulia, kati ya V na mlingoti kikachomoza kijistari chembamba kama uzi. Ubavu ulioelekea tochi uling'aa, kivuli kikalala ng'ambo. Kingekuwa mkwaruzo, kivuli kingekuwa upande wa tochi. Nikageuza ili mwanga utoke kushoto, na kivuli kikahama kama nilivyotarajia.

LEG VI! Lejioni ya Sita, iliyokuwa na Julius Caesar kwenye mapigano ya Alexandria, Misri, na Zela, Uturuki ya leo, mwaka 47 KK kabla ya kuwa ya Antonius. Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Na ni lejioni hiyohiyo ambayo watawala wa Kirumi Marcus Aurelius na Lucius Verus, karibu miaka 200 baada ya Actium, waliirudia dinari yake kwa kupiga mpya yenye tai yuleyule na LEG VI. Hiyo ndiyo ninayoiwinda sasa, mnada hadi mnada.