Hesabu niliyoianzia kwenye logbuku za magari ya hospitali

Ninasimamia usafirishaji katika hospitali moja hapa Moshi. Magari, madereva, mafuta na jenereta, vyote viko mikononi mwangu. Mwaka juzi mganga mfawidhi aliniita akanikabidhi kazi mpya: kupunguza hewa ukaa inayotokana na hospitali yetu. Akanionesha ripoti ya mwaka 2019 ya shirika la Health Care Without Harm na kampuni ya uhandisi ya Arup, iliyokadiria kwamba sekta ya afya duniani inachangia asilimia 4.4 ya gesi zinazoipasha dunia joto. "Wewe ndiye unayeshika mafuta," akaniambia. "Anzia hapo."

Nikaanzia hapo kweli. Nilikusanya logbuku za miezi mitatu, zile tunazoandika kwa mkono: tarehe, gari linakokwenda, kilomita za kuondoka na za kurudi, lita. Kila nilipokuta safari mbili za siku moja zilizopita njia moja, niliziunganisha kwa kalamu nyekundu. Kuna ukurasa mmoja sitausahau. Saa tatu gari limekwenda mjini kupeleka barua benki. Saa nne gari la pili limefuata kipuri cha jenereta. Saa tano lile la kwanza limerudi tena mjini kuchukua mashuka kwa fundi. Zote tatu zimepita kiplefti cha YMCA, na hakuna dereva aliyejua mwenzake anakwenda wapi.

Niliwaita madereva nikawaeleza kwamba lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Mkubwa wao, ambaye wote tunamwita Mzee, akakataa palepale. "Kijana wangu, lita ya dizeli haifiki hata kilo moja. Hizo nyingine zinatoka wapi?" Lilikuwa swali la haki na mimi sikuwa na jibu. Nikaenda maabara kuuliza, kesho yake nikamrudia: kaboni iliyomo kwenye mafuta ikiungua inashikana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito ule ni hiyo oksijeni. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tunachukua na hewa ya watu wote." Tangu siku ile yeye ndiye anayeshika daftari la safari za mjini. Gari linatoka mara mbili tu, saa tatu asubuhi na saa nane mchana, na mwenye shida anaiandika kabla. Gari la wagonjwa sikuligusa, wala sitaligusa.

Chumba cha upasuaji hakikunichukua muda. Nilikuwa nimesoma kwamba desflureni, moja ya gesi za usingizi, inapasha joto zaidi ya mara 2,500 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, na kwamba Uskoti iliacha kuitumia mwaka 2023. Daktari wa usingizi akanijibu kwamba kwetu haijawahi kuingia. Nikamshukuru, nikaenda zangu getini.

Getini ndiko kazi ilikokuwa. Nilisimama pale asubuhi tatu na daftari. Wafanyakazi wanaingia kwa bodaboda mmoja mmoja, wengine wanatoka mtaa mmoja. Nikaona dawa ni baiskeli. Kwenye kikao cha asubuhi nikahubiri: nikataja barafu ya Kibo iliyopungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, nikataja na afya ya moyo. Watu wakapiga makofi. Baiskeli haikuja hata moja.

Sista mmoja wa wodi ya wazazi, anayekaa Pasua, ndiye aliyenifungua macho. "Kaka, panda baiskeli kutoka kwangu mpaka hapa, halafu ndiyo uje utuhubirie." Nikaazima baiskeli nikaenda. Anayeijua Moshi anajua mji huu umeinama: ukitoka Pasua au Njoro kuja huku juu unapanda mlima mwanzo mwisho. Nilifika shati limegandia mgongoni, watu wawili wananisubiri mlangoni, na hakuna pa kunawa hata uso. Muuguzi atamhudumiaje mama mjamzito akiwa katika hali ile?

Basi nikaacha mahubiri, nikatafuta maji. Nyuma ya dobi kulikuwa na stoo ya magodoro mabovu. Tukaisafisha, fundi bomba akavuta maji kutoka dobi, tukapata mabafu mawili, moja la wanawake, na makabati ya kufuli ya kuwekea sare. Kinamama walitaka hasa hizo kabati: wanakuja na suruali au kitenge, wanaoga, wanavaa gauni jeupe. Banda la baiskeli tukalijenga mbele ya kibanda cha mlinzi. Baadhi wakakopa SACCOS wakanunua baiskeli za gia. Leo asubuhi nimehesabu 14. Yule sista anasema pale kwenye mwinuko mkali anashuka anasukuma, ila jioni hakanyagi pedali mpaka mlangoni kwake.

Jambo lililoniuma zaidi ni safari za wagonjwa. Nilizungumza na mama mmoja wa Tarakea aliyekuja kliniki ya presha. Aliamka saa tisa usiku, akapanda Hiace na binti yake, wakasubiri mpaka saa sita, akaambiwa majibu ni mazuri, aendelee na dawa zilezile. Hata kiti hakijapata joto. Nauli za watu wawili kwenda na kurudi, siku nzima ya shamba imepotea, na moshi wote ule barabarani, kwa sentensi moja.

Nikapendekeza majibu mazuri yatolewe kwa simu, na dawa zichukuliwe kituo cha afya cha karibu. Mhasibu akapinga kwa sababu ya ada ya kumwona daktari. Tulibishana wiki kadhaa, mpaka tukakubaliana ada ndogo inayolipwa kwa simu. Muuguzi anauliza kwanza namba ya faili na jina kamili, ili majibu yasimfikie jirani. Wenye majibu mabaya wanaitwa, na wanaokuja sasa wanapata daktari mwenye muda wa kuwasikiliza.

Kilichobaki ni zamu ya usiku. Njia ya kuja hapa ina sehemu ndefu isiyo na taa, na siwezi kumwambia dada wa watu apite pale saa moja usiku kwa baiskeli. Kwa sasa Mzee anawakusanya kwa basi dogo, Pasua kwanza, kisha Njoro, na barua ya kuomba taa nimeipeleka kwa mtendaji wa kata.