Sufuria moja: kumbukumbu ya kupunguza wanga nikiwa Tanga

Oktoba

Mtaani kwetu Ngamiani karibu kila mtu ameshawahi kupunguza wanga. Ana klipu ya Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo, kwenye simu, anaacha ugali kwa mwezi, suruali inalegea, kisha asubuhi moja unamkuta kwenye chapati na mbaazi kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kuanza si kazi. Mradi huu ni wa kujua nitakula nini mwaka wa pili na wa tatu, nikiwa hapahapa Tanga na kwa mshahara huuhuu.

Nimeanza kwa ukali, chini ya gramu 30 za wanga kwa siku. Chai bila sukari, mayai, samaki, kisamvu, bamia, mchicha. Uzito umeshuka upesi mno, nami sijashangilia. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikiisha, maji nayo huondoka. Kitambi bado kipo palepale. Tena ukila wanga kidogo, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) hupungua na figo hutoa chumvi zaidi, ndiyo maana wengi huumwa kichwa na kulegea siku za mwanzo wakadhani ni njaa. Mimi nilikunywa supu ya vichwa vya samaki yenye chumvi na ndimu, nikapoa.

Mwenye presha amwulize daktari kabla ya kuongeza chumvi. Na anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari kama glibenclamide, asiache wanga kimyakimya. Dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi mtu akazimia. Shemeji yangu alitaka tuanze pamoja. Nikamwambia apitie kliniki kwanza.

Novemba

Mapishi ya wanga kidogo yaliyomo kwenye simu yanataka unga wa lozi, jibini na matunda ambayo sijawahi kuyaona. Nikasema basi, niende na cha karibu. Nilinunua koliflawa ya Lushoto pale soko la Mgandini, nikaikuna ikawa punjepunje, nikaipika kama wali. Watoto walionja kwa adabu. Mke wangu alivumilia siku chache, halafu akaniambia, "Baba watoto, jiko ni moja na mkaa umepanda bei. Mimi sipiki sufuria mbili."

Nimeyaandika maneno yake kwenye jalada la daftari, maana ndiyo yameupa mradi sheria yake: hakuna chakula cha peke yangu. Kilichopikwa nyumbani ndicho nitakachokula, nitabadilisha kiasi na utaratibu tu. Kwetu watu hula sinia moja, na anayejitenga na kibakuli chake huonekana ama mgonjwa, ama ana kinyongo na mtu. Lishe ya kukutoa kwenye sinia haidumu hata kama hesabu zake zimenyooka.

Uzuri ni kwamba jiko la pwani limeshafanya nusu ya kazi. Samaki wa kupaka, pweza wa nazi, matembele, bamia: vyote vina wanga kidogo. Shida ni kile kinachowekwa chini yake. Wali mweupe uliopikwa una gramu 28 hivi za wanga katika kila gramu 100; mhogo mbichi una 38. Tulikuwa tunakula wali na kuulainisha kwa mchuzi. Sasa nakula samaki na mboga kwanza, wali unafuata mwishoni. Utaratibu huo wenyewe hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo, na hakuna mtu kwenye sinia aliyegundua kwamba niko kwenye lishe.

Desemba

Nimeamua kuachana na gramu 30. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2018, watu 609 wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliowekwa upande wa wanga kidogo walianza na gramu 20 kwa wiki 8, halafu wakaruhusiwa kuongeza polepole hadi kila mmoja afike kiwango cha chini ambacho anaona anaweza kuishi nacho siku zote. Mwaka ulipoisha, wastani wao ulikuwa kama gramu 130, na uzito walioupoteza haukupishana sana na wa wale waliopunguza mafuta. Mimi ninavyoisoma, ile 20 ilikuwa ya kuanzia tu. Kazi yenyewe ni kule kuongeza.

Kipimo changu ni upawa. Niliuweka wali wake kwenye mizani: upawa mmoja uliosawazishwa ni gramu 150, yaani wanga gramu 42. Mlo wa mchana nina upawa mmoja, wa usiku sina. Usiku nafasi ya wali inachukuliwa na kabichi iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa kidogo na kitunguu. Kabichi hailalamikiwi na mtu kwa sababu wote wanaila kama mboga, na ni rahisi kuliko koliflawa. Kuna wanaosema wali wa kiporo una wanga mdogo. Ni kweli kwamba ukipoa, sehemu ya wanga hugeuka ikawa ngumu kumeng'enywa, hata ukiupasha tena, lakini ni sehemu ndogo. Usijipe pawa mbili kwa kisingizio cha kiporo.

Nazi imebidi niitazame kwa jicho lingine. Wanga haina wa kutisha, ila gramu 100 za nazi iliyokomaa zina mafuta gramu 33, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9 wakati ya wanga ni 4. Tui la kwanza kwenye kila mboga, mchana na usiku, ni kalori nyingi hata kama daftari la wanga linapendeza. Kwa hiyo tui zito limebaki la samaki, mboga zinapata tui la pili. Korosho nazo si karanga: gramu 100 za korosho zina wanga gramu 30, karanga 16.

Msimu wa harusi umefika pia. Nilijaribu kuchukua nyama na kachumbari peke yake, shangazi wa bwana harusi akanisimamia kichwani: "Mbona huli, au pilau letu halina chumvi?" Pilau la harusi nalila. Halihesabiwi.

Ramadhani

Hapa ndipo wengi huacha, na ukiitazama futari unaelewa: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, ndizi mbivu, uji, kaimati, vyote kwa pamoja. Mimi nafungua kwa tende na uji kidogo, naswali, nikirudi nachagua kimoja tu katika vya wanga na kukila na samaki. Siku ya muhogo ni muhogo, siku ya magimbi ni magimbi. Daku ni mayai, mboga na nusu upawa wa wali. Kiu ilinisumbua zaidi ya njaa.

Juni

Kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika. Hili sikuliona likitajwa popote nilikosoma kuhusu lishe hii. Bahari ikichafuka vyombo vidogo havitoki, na pale soko la samaki la Deep Sea vibua tulivyokuwa tukinunua fungu kubwa vimekuwa vichache na ghali. Lishe ya samaki niliyoipanga wakati wa kaskazi haiwezekani kwa bei ya kusi. Ningeilazimisha, ningekula hela ya ada.

Kwa hiyo kunde, choroko, mbaazi na maharage yamerudi, pamoja na dagaa wakavu na mayai. Maharage yaliyopikwa yana wanga wa gramu 20 na ushee kwa gramu 100, ila yana nyuzinyuzi nyingi na protini. Siku ya maharage naondoa upawa wa wali, au naubakiza nusu. Ukijumlisha yote naangukia kwenye gramu 120 au 130, wakati kaskazi nilikuwa kwenye 80. Nimeacha kutafuta namba moja ya mwaka mzima. Nina ya kaskazi na nina ya kusi.

Uzito ulikuwa kilo 94 Oktoba, sasa ni 86, na umetulia hapo tangu Idi. Presha imeshuka, daktari anasema tuendelee hivihivi.

Kilichobaki ni makande, maana mke wangu ni Msambaa. Mahindi na maharage vimechangamana kwenye sufuria moja, huwezi kula kimoja ukaacha kingine. Tumejaribu kupika kwa maharage mengi, mahindi ya kuhesabika na karanga kiasi. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Bumbuli, akaonja, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, haya ni maharage yaliyodondokewa na mahindi." Wiki ijayo tutaongeza mahindi, tuone atasimama wapi.